Askofu Hakuwa na Kosa

Wadogo zangu wa labo, mmenisumbua vya kutosha. Tangu siku niliyokabidhi funguo za friji, simu yangu hailali: Mama Labo andika, Mama Labo utasahau. Haya, naandika. Lakini anayetafuta humu mwaka niliopandishwa cheo, au mshahara niliomaliza nao, afunge daftari akapike. Hayo hayakumponya mtu. Nitawaeleza nilivyoanza, nani alinifundisha, na kosa langu moja lililodumu miaka mingi, maana kosa hilohilo ndilo lililonipa furaha kubwa kuliko zote nilizopata ndani ya koti jeupe.

Siku ya kwanza nilifika na viatu vipya vilivyonibana. Labo yetu, maabara ya hospitali hapa Uvira, ilikuwa chumba kimoja chenye madirisha mawili, moja likitazama ziwa, la pili likitazama mlima, na Papa Bisimwa katikati. Yeye ndiye aliyekuwa mkubwa wa labo: mtu mfupi, mwimbaji wa kwaya ya Waprotestanti, miwani yake imefungwa kwa uzi wa chandarua. Hakuniuliza nilisomea wapi. Alinikalisha mbele ya hadubini, akaweka kioo chenye tone la damu, akasema nitafute malaria.

Nilitafuta asubuhi nzima. Saa sita akaja.

“Unaona nini?”

“Naona malaria, Papa. Ziko mbili, labda tatu.”

“Ile damu iko yangu,” akasema. “Na minye siko mugonjwa. Weye unaona kile unataka kuona. Kesho utaangalia tena.”

Nilirudi nyumbani na njaa na hasira, nikaapa kutorudi. Kesho yake nilirudi, kwa kuwa viatu vile vilikuwa vya mkopo wa dada yangu na nilitaka kwanza aone vimefanya kazi. Hivyo ndivyo taaluma nyingi zinavyoanza, msidanganyike na hotuba.

Zamani zile tulivuta seramu kwa mdomo, kwa bomba la kioo, kama mtu anayekunywa soda. Nilichomeza sitakiandika, kwa heshima ya wenyewe walio hai. Baadaye zikaja pipeti za kidole gumba, kisha mashine ndogo ya kemia inayosoma rangi na kutoa namba, kisha umeme wa jua, maana ule mwingine ulikuwa na ratiba yake ambayo hatukuwahi kuonyeshwa. Misimu ya kipindupindu tulilala juu ya meza. Nimeona mengi, lakini ya kipindupindu kila mtu wa Uvira ana yake, kwa hiyo nayaacha.

Nataka niwaeleze habari ya askofu. Ninyi mnalitumia neno hilo kila siku bila kujua lilikotoka.

Mnajua vichupa vya damu vina vifuniko vya rangi. Kile cha zambarau kina dawa ndani inayozuia damu isigande, nacho ni cha kuhesabia chembe za damu. Papa Bisimwa alikiita askofu, kwa ajili ya kofia ya zambarau. Chekundu, kisicho na dawa yoyote, alikiita kardinali, na kardinali peke yake ndiye aliyeruhusiwa kuingia kemia. Wakatoliki wa hospitali walinuna mwezi mmoja, halafu nao wakaanza kusema hivyohivyo.

Sababu ya sheria hiyo ni kwamba ile dawa ya kichupa cha zambarau hukamata madini yaliyo katika damu. Sasa kuna kitu kinachoitwa fosfatazi alkalini, kimeng'enya cha ini na mifupa, ambacho bila madini hakifanyi kazi. Ukipima fosfatazi kutoka kichupa cha askofu, namba inaanguka chini kabisa, na mgonjwa wala hana kosa. Kwa hiyo kila fosfatazi ilipotoka chini, Papa Bisimwa alipaza sauti mpaka wagonjwa wa uani wakasikia:

“Nani tena alipeleka askofu mu kemia?”

Muuguzi aliyetoa damu alikuja ameinamisha kichwa, tukamcheka, tukaandika “askofu” pembeni ya daftari la majibu, na namba ile ikafutwa kwa mstari. Tukafurahi kwamba labo yetu haidanganywi. Na madaktari hawakuuliza, kwa kuwa wao hutafuta fosfatazi iliyopanda. Iliyoshuka hakuna aliyeililia.

Ila siku moja, tukiosha vioo, Papa Bisimwa aliniambia neno ambalo nililichukua kama mzaha wake mwingine: “Askofu anakulaka sahani mbili, fosfatazi na kalsiamu. Hakuna siku anakula moja anaacha ingine. Shika ile.” Nikacheka, nikaendelea kuosha. Miaka michache baadaye tulimzika, nami nikarithi kiti chake, miwani yake, na kelele zake. Ile akili ya sahani mbili niliiacha kaburini, Mungu anisamehe.

Sasa nimlete Feza.

Feza alikuwa fundi wa kushona mtaani Kasenga, mzaliwa wa Sange, ameolewa mtaa wa Kilibula. Alikuja kwetu mara ya kwanza akiwa bado bibi arusi, na malalamiko ambayo kila labo inayachukia: mwili mzima unauma. Miguu inauma, mapaja yanauma, mgongo unauma, anaamka amechoka kuliko alivyolala. Tukapima kila kitu. Malaria hakuna, sukari sawa, uvimbe hakuna. Fosfatazi chini. Nikamwita Julienne, muuguzi wa kutoa damu, nikamgombeza mbele ya foleni. Pembeni nikaandika: askofu.

Baada ya miaka Feza akarudi, sasa ana mtoto mmoja wa kike, Neema. Maumivu yaleyale. Fosfatazi chini, askofu, Julienne akagombezwa. Baadaye tena akarudi anachechemea, amevunjika kijifupa cha mguu bila kuanguka, kwa kukanyaga tu pedali ya cherehani. Fosfatazi chini. Mara hii nilimwambia Julienne kwamba akistaafu atazikwa na vifuniko vya zambarau. Alilia. Nilidhani analia kwa aibu.

Daktari mmoja wa hospitali nyingine alikopelekwa aliandika kwenye karatasi yake: fibromialjia. Ni jina la maumivu ya mwili mzima ambayo hayaonekani kwenye picha wala kwenye damu. Msinielewe vibaya, ugonjwa huo upo, na wanaoubeba si waongo. Lakini kwa familia ya mume wake “hakionekani” maana yake ni “hakipo”. Mama mkwe wake alimwita mvivu wa kuzaliwa. Asubuhi wake wengine wa ukoo wanatwanga muhogo, yeye anatwanga kidogo kisha anashikilia ukuta. Wanapanda mlima na maji kichwani, yeye ameketi njiani. Mwisho mama mkwe akaitisha kikao cha ukoo, Jumamosi, ili Feza arudishwe kwao Sange na mtoto abaki Kilibula.

Ilikuwa Jumatatu ya wiki hiyo alipoingia kwetu mara ya nne, na mkononi ana pakiti ya vidonge vya kukaza mifupa alivyotumiwa na kaka yake kutoka Bujumbura. Aliyempokea ni Docta Amisi, kijana aliyetoka shule juzi, mwenye maswali mengi. Docta akaagiza damu kabla ya vidonge. Namba ikatoka: fosfatazi kumi na nane, wakati kwa mtu mzima haitakiwi kushuka chini ya arobaini. Nikavuta pumzi ya kuita Julienne. Feza, aliyekuwa amekaa kwenye benchi mlangoni, akaniwahi.

“Mama Labo, usimugombeze tena uyu mama. Kwa nyumba banasema niko bongo, eti nadanganya tu. Huku nako munasema damu yangu iko kosa. Sasa minye niende wapi?”

Wadogo zangu, niligombezwa na wakubwa wengi, na hakuna aliyenipata kama huyo aliyesema kwa sauti ya chini. Lakini mimi ni mkaidi. Nilimwambia basi leo natoa damu mimi mwenyewe, tuone. Ukweli ni kwamba nilitaka kumwaibisha Julienne mara moja ya mwisho. Nilichukua kardinali mpya, nikamwonyesha Julienne kifuniko chekundu kama hakimu anayeonyesha kisu, nikafunga mpira mkononi mwa Feza, nikavuta. Nikaacha igande, nikaizungusha, nikapima.

Kumi na nane.

Nilisafisha mashine nikapima tena. Kumi na nane. Nikapima damu yangu mwenyewe, na yangu ikatoka sawa kabisa, kama ya mtu asiye na haya. Julienne alisimama mlangoni amekunja mikono.

Ndipo Papa Bisimwa aliponirudia kichwani na sahani zake mbili. Kama askofu amepita humu, kalsiamu nayo ingekuwa imeliwa. Nikapima kalsiamu kwenye seramu ileile. Ilikuwa nzima, imejaa, haijaguswa. Nikaenda kabatini nikatoa madaftari ya zamani, nikampata Feza kwa jina, mara moja, mara ya pili, mara ya tatu. Kila mara kalsiamu yake ilikuwa imepimwa siku ileile, iko mstari mmoja chini ya fosfatazi, nzima. Na pembeni, kwa mwandiko wangu mzuri niliokuwa najisifia: askofu, askofu, askofu.

Niliona nilichotaka kuona, kama siku ya kwanza na kile kioo cha malaria. Tofauti ni kwamba siku ya kwanza damu ilikuwa ya mwalimu wangu, na hapa ilikuwa ya mwanamke aliyekuwa anapoteza nyumba.

Nilimwomba Julienne msamaha papo hapo, mbele ya foleni ileile. Akasema, “Nimesikia, Mama Labo.” Hakusema amesamehe. Alinisamehe baadaye, kwa kuniletea mikeke miwili ya kukaanga, na samaki wa Julienne ni msamaha unaotosha.

Kisha nikambebea Docta Amisi madaftari yote manne. Hakuyacheka wala hakunilaumu. Alikwenda kusoma, akarudi kabla ya jua kutua, akakaa mbele ya Feza na kumuuliza swali moja ambalo kwangu lilikuwa la ajabu: meno yako ya utoto yaling'okaje?

Feza akageuka kuwa jiwe. “Nani alibaambia habari ya meno?”

Hatukuambiwa na mtu. Docta akaeleza polepole: upo ugonjwa wa kurithi ambao mwili hautengenezi fosfatazi ya kutosha. Mifupa haikazi vizuri, misuli inauma, vijifupa vya miguu vinapasuka na kuchelewa kuunga. Na utotoni meno ya maziwa hung'oka mapema, mtoto hajafika miaka mitano, tena hutoka mazima, na mizizi yake.

Mnajua desturi yetu. Jino la mtoto likitoka hurushwa juu ya bati, na mtoto anaomba apewe jipya. Lakini jino la maziwa la kawaida hutoka fupi, mzizi umekwisha kuliwa. Jino refu lenye mzizi wazee wengi hawalirushi, wanaliogopa, wanasema limeng'olewa na mtu asiyeonekana. Ya Feza yalitoka hivyo, na bibi yake kule Sange aliyafukia kimya. Na ya Neema, mtoto wake, matatu yalikuwa yametoka hivyohivyo akiwa na miaka mitatu.

“Iko wapi yale ya Neema?” Docta akauliza.

“Mama mukwe aliyafunga mu kitambaa,” Feza akasema, na machozi yakamshuka. “Atayaonyesha siku ya kikao. Anasema iko ushahidi ya kwetu, ya ulozi.”

Mimi na Docta tulitazamana. Nafikiri sote wawili tulitaka kucheka, na haikuwa mahali pake.

Jumamosi saa nne tulikuwa Kilibula, Docta Amisi, Julienne na mimi, hatukualikwa. Nilibeba madaftari yangu kwenye kapu, juu nimefunika sombe, majani ya muhogo, ili nisionekane nimeiba mali ya hospitali. Wazee wa ukoo walikuwa wameketi, mume wa Feza ameinama anatazama viatu, mama mkwe yuko mbele, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuamuru ng'ombe. Alisema yake yote: uvivu, ukuta, maji, muhogo. Mwisho akafungua fundo la kitenge na kumwaga meno matatu juu ya mkeka.

“Basi muone! Jino ya mutoto iko na muzizi! Ni nani aliona ile mu ukoo yetu?”

Watu wakasogea nyuma. Mimi nikasogea mbele. Nilipiga magoti, nikaliinua jino moja kwa vidole viwili, refu, jeupe, mzizi mzima kama msumari, na sijawahi kushika kitu kizuri kama kile.

“Mama,” nikamwambia, “Mungu akubariki. Sisi tulitafuta ushahidi miaka yote, na weye ndiye uliuchunga.”

Docta akaeleza. Alieleza vizuri, bila maneno ya Kifaransa ya kutisha, akasema kuna kipimo kimoja zaidi cha kutumwa mbali ili tuwe na hakika, lakini kwamba yeye binafsi hana shaka. Mimi nikafungua madaftari na kusoma namba nne, mwaka kwa mwaka, na nikasema wazi kwamba tatu kati yake nilizifuta mimi, kwa kiburi. Mzee mmoja aliuliza kama ni ulozi. Nikamwambia ni kama urefu wa pua, umetoka kwa wazazi, hakuna aliyekutupia.

Mama mkwe akayatazama yale meno. Kisha akauliza swali moja, na aliniuliza mimi, si Docta.

“Ile mifupa… inauma kweli?”

“Inauma kweli, mama. Tangu siku ya kwanza.”

Akamgeukia Feza, akamtazama kama anayemwona kwa mara ya kwanza, akishuka kwenye gari. “Na weye ulikuwa unatwanga hivyo hivyo,” akasema. Akakusanya yale meno, akayafunga tena, akampa Docta. Kikao kikaishia hapo. Wali ulikuwa umepikwa kwa ajili ya kumfukuza Feza, tukaula kwa kumbakisha, na haukupungua utamu.

Kile kipimo cha mbali kilikuwa cha vitamini B6, ambayo kwa watu hawa hurundikana kwenye damu. Ilibidi kwanza aache zile sindano za vitamini zinazopendwa na kila famasi ya mji huu, maana zingetuharibia jibu. Aliacha, damu ikavuka mpaka, ikaendelea mbali zaidi, na baada ya majuma mengi jibu likarudi: imepanda sana. Docta Amisi alikuja mbio na karatasi, akagonga kizingiti kwa kichwa. Tulipiga vigelegele mpaka wagonjwa wakadhani kuna harusi. Nilipima pia fosfatazi ya mama mzazi wa Feza, kutoka Sange, mwanamke aliyelima mpunga maisha yake yote huku akiambiwa anadeka. Iko chini. Alishika karatasi yake akailaza kifuani kama picha ya mtoto.

Siwadanganyi kwamba tulimponya. Dawa ya kurudisha kimeng'enya ipo ulimwenguni, sijaiona kwa macho. Lakini vile vidonge vya kukaza mifupa, ambavyo kwa ugonjwa huu vingeweza kumvunja zaidi, vilirudishwa bila kufunguliwa. Fundi viatu wa Kasenga alimkatia nyayo laini. Mume wake, aliyekuwa akitazama viatu, aliinua kichwa akamfungia cherehani mota ndogo ya umeme wa jua, na pedali ikaachwa. Neema anaonwa na daktari wa meno. Na wa kupandisha maji kichwani wapo wengine.

Sasa sheria yetu ya labo mnaijua: fosfatazi ikiwa chini, kwanza pima kalsiamu, kisha mwulize mtu meno yake, na muuguzi usimguse. Mkiifuata, mnamfuata Papa Bisimwa, si mimi.

Nimalizie na sherehe ya kuniaga. Nilivaa gauni alilonishonea Feza. Hakuniambia rangi mpaka siku yenyewe: zambarau, kutoka shingo hadi kifundo cha mguu. Julienne aliponiona alianguka juu ya kiti kwa kicheko, akaita, “Nani alipeleka askofu mu sherehe?” Hapo nilijua kwamba deni langu kwake limekwisha.

Wakati wa hotuba, wakubwa walisema ya wakubwa. Kisha kutoka nyuma akasimama mwanamke mnene, bila kuitwa. Alikuwa mama mkwe. Alimshika Feza mkono, akamsimamisha, na kwa sauti ileile ya kuamuru ng'ombe akatangazia ukumbi mzima, wakuu, wachungaji na wapishi:

“Uyu muke ya mutoto wangu, batu balisema iko muvivu. Minye mwenyewe nilisema. Haiko muvivu! Uyu iko na fosfatazi!”

Watu walipiga makofi, Feza akacheka huku analia, na Docta Amisi akanitazama, akingoja. Maana ukweli, kama mnavyojua, ni kwamba fosfatazi ndiyo hasa asiyokuwa nayo. Maisha yangu yote nimesahihisha kila mtu, na zamu ya hotuba ilikuwa yangu. Nilisimama na gauni langu la kiaskofu, nikapiga makofi kuliko wote.